Mwanga wa Kijani Kwenye Laini ya Umeme

Mwanga wa samawati au wa kijani unaotanda angani usiku wa upepo mkali, mara nyingi sekunde chache kabla ya umeme kukatika, huanzia kwenye nyaya za umeme. Katika kata ya Zagayu, wilayani Itilima, na kwingineko vijijini mkoani Simiyu, mwanga huo ni mgeni: ulifika pamoja na nguzo.

Chanzo chake ni tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani kutoka waya mmoja hadi mwingine. Nyaya zenye msongo mkubwa zikigusana kisha zikaachana, hewa iliyo kati yake hupata joto la maelfu ya nyuzi, ikapitisha umeme na kuwaka. Mrusi Vasily Petrov aliliona tao hilo mwaka 1802 mjini St. Petersburg, na miaka michache baadaye Humphry Davy akalionyesha hadharani London. Mwaka 1878 barabara ya Avenue de l'Opéra jijini Paris ilimulikwa kwa taa za tao. Mwingereza Hertha Ayrton ndiye aliyegundua kwa nini taa hizo zilitoa mlio wa kufoka: oksijeni ilikuwa ikiifikia kaboni yenye moto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1902. Mwanga unaotisha vijijini leo uliwahi kuwa fahari ya miji mikubwa.

Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, Wajerumani walipofunga mtambo kwa ajili ya karakana za reli na makazi yao. Maeneo ya ndani ya nchi yalisubiri sana. Mtambo wa umeme wa maji wa Kidatu ulianza kuzalisha mwaka 1975, na gridi ikafika Shinyanga na Mwanza katika miaka ya 1980. Vijiji vilianza kufikiwa kwa kasi baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 na kuanza kazi kwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, mwaka 2007. Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, na laini za kilovolti 33 zikazidi kusambaa katika tambarare zenye miti michache ya kuzuia upepo.

Mvua za kwanza, Oktoba na Novemba, hutanguliwa na upepo wa ghafla. Vumbi la kiangazi huwa limeganda kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo. Matone ya mwanzo hulilowesha, na umeme hupata njia ya kutambaa juu ya kikombe. Nyaya zilizolegea hupigana. Tawi la mkaratusi huangukia laini. Fyuzi ya transfoma ikikatika hutoa mlio kama wa bunduki. Hewa yenyewe huwaka samawati, shaba inayoungua hutoa kijani, na alumini huwaka nyeupe. Mawingu ya chini huakisi mwanga huo, hata aliye mbali akadhani anga zima limewaka. Pale laini inapokuwa na kifaa kinachorudisha umeme chenyewe, mwanga huweza kumulika mara mbili au tatu mahali palepale, kisha giza.

Radi haifanani na mwanga huo. Humulika nyeupe, kwa muda usiofika sekunde moja, na ngurumo hufuata. Tao huanzia chini, huweza kudumu sekunde kadhaa na huunguruma. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu imani ya radi ya kutumwa bado ipo, na Usukumani, eneo ambalo Simiyu ni sehemu yake, tuhuma za uchawi zimewahi kugharimu maisha ya vikongwe wasio na hatia. Hata New York, Desemba 27, 2018, tao lililowaka katika kituo cha umeme cha Astoria liligeuza anga la jiji kuwa samawati, na wakazi wengi wakaulizana kama ni viumbe wa sayari nyingine.

Hatari yenyewe huja baada ya mwanga kuzimika. Waya uliokatika unaweza kulala majanini ukiwa bado na umeme, au umeme ukarudishwa ghafla, na kupitia ardhi iliyolowa umeme humfikia mtu au ng'ombe miguuni kabla hajaugusa waya. Hivyo waya ulioanguka haukaribiwi wala kusogezwa kwa kijiti. Watu na mifugo hukaa mita 10 au zaidi kutoka kwenye waya huo hadi mafundi wa shirika la umeme, TANESCO, wazime laini. Kwa mafundi hao, taarifa ya nguzo iliyoonekana ikimulika huwaokolea saa nyingi za kutembea chini ya laini wakitafuta kikombe kilichopasuka.