Kabla ya podikasti kulikuwa na baraza, kalamu na kanda

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti mbele ya jopo la idara. Alitaka kuchunguza podikasti za Nairobi zinazowaalika waimbaji, wachoraji, waigizaji na waandishi, wakaketi kwa saa nzima au zaidi kuzungumzia kazi zao na maisha yao. Mwenzangu mmoja akamkata kauli: hizo ni soga tu, si fasihi. Kijana wa watu akanywea. Nami, kwa aibu yangu, sikusema kitu. Limenikaa rohoni tangu siku hiyo. Makala haya ni jibu ambalo ningelitoa pale pale lau ningekuwa mwepesi wa ulimi.

Tuanze na neno lenyewe, maana huu ni ukumbi wa lugha. Mwandishi Mwingereza Ben Hammersley alilitaja katika gazeti la The Guardian mwezi Februari 2004, likiwa moja tu kati ya majina kadhaa aliyoyapendekeza kwa utangazaji huu mpya wa mtandaoni. Lilitokana na iPod, kile kidude cha kusikilizia muziki, likaunganishwa na neno la Kiingereza la utangazaji. Kampuni ya Apple iliacha kuuza iPod mwaka 2022. Kidude kimekufa, neno linadunda. Kwetu tumelitohoa likawa podikasti, na sina ugomvi nalo. Hata hivyo, siku nyingine humkumbuka Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu (1927-2017), aliyetupa runinga kwa kuunganisha rununu na maninga. Sijui angelibuni nini hapa. Pengine angelichungulia dirishani, akaona wazee wameketi barazani, akatuuliza kwa nini tunahangaika.

Kwa hakika, jambo lenyewe si geni. Kwenye baraza za Mombasa, Lamu na Unguja shairi halikusomwa likaachwa hivyo hivyo. Lilisomwa, likajadiliwa, likajibiwa. Fulani kamlenga nani? Neno hili amelitoa wapi? Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa, yeye na mmishonari William Taylor, miongo kadhaa baada ya mshairi kuzikwa. Beti tunazo. Mazungumzo yaliyozizunguka beti zile hatunayo, isipokuwa vipande vilivyobaki katika maelezo. Ndiyo maana walimu wa ushairi tunatumia vipindi vizima kukisia Muyaka alikuwa akimsema nani.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Siti binti Saad. Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika nyumba ya ufukara, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodi nyimbo za Kiswahili chini ya nembo ya His Master's Voice. Santuri zile zilivuma pwani nzima. Lakini uso mmoja wa santuri ya enzi hizo ulichukua dakika tatu hivi, basi. Zilitosha wimbo. Hazikutosha kumwuliza mwimbaji jana yake alilala wapi na nani alimcheka alipoingia mjini mara ya kwanza.

Maswali hayo yaliulizwa na Shaaban Robert. Alikutana na Siti siku za mwishomwisho za uhai wake (bibi yule alifariki mwaka 1950), na kutokana na kukutana kule tukapata Wasifu wa Siti binti Saad. Tunausoma kama kazi bora ya wasifu, na ndivyo ulivyo. Hebu usome tena ukijiuliza ulipatikanaje. Kuna mgeni msanii, kuna mwulizaji aliyejiandaa, kuna utoto, biashara, dharau, safari na sanaa. Ungeondoa kalamu ukaweka kipaza sauti, ungepata nini?

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Shaaban Robert alikuwa mwadilifu mno wa kalamu. Kila tukio hulitafutia funzo. Siti tunayemkuta kitabuni anafikiri kwa utaratibu wa Shaaban Robert na kuzungumza kwa sentensi za Shaaban Robert. Alivyocheka, alipositasita, swali alilolikwepa, hayo hayakuvuka. Silaumu. Bila yeye tungekuwa na santuri zilizokwaruzika na uvumi. Ila natamani, nakiri, ningemsikia bibi yule akimkatiza mwandishi na kumwambia, la, sivyo ilivyokuwa.

Angalia wimbo wake kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea Dar es Salaam, huku waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa. Mwanahistoria Laura Fair alipofanya utafiti Zanzibar kwa ajili ya kitabu chake cha Pastimes and Politics (2001), aliketi na wazee waliozijua nyimbo hizo tangu ujanani. Kupitia kwao wimbo ukaonekana kuwa zaidi ya habari ya mauaji: ulikuwa lawama dhidi ya mahakama za wakoloni na hatari zilizowakabili wanawake wa kawaida. Maana ile haikuandikwa kwenye lebo ya santuri. Ilikuwa imehifadhiwa katika soga.

Mwaka ule ule wa 1928 redio ilianza Nairobi, ikiwahudumia walowezi kwa Kiingereza. Kiswahili kilisubiri. Nitaipita historia hiyo haraka kwa kuwa wengi mnaijua: idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, Sauti ya Kenya ikafuata baada ya uhuru, na kuanzia 1966 Leonard Mambo Mbotela akatuuliza kama huu ni uungwana. Redio ilijua kuzungumza. Haikujua sana kuhifadhi. Kanda ilikuwa ghali, na ghali hufutwa ikatumika tena. Na si Afrika tu. Kipindi mashuhuri cha BBC cha kuwahoji watu maarufu, Desert Island Discs, kilianza Januari 1942, lakini vya miaka ya mwanzo vilivyosalia ni vya kuhesabu.

Mahali palipoamua kuhifadhi ni London. Mwaka 1962 Dennis Duerden alianzisha taasisi ndogo iliyoitwa Transcription Centre. Kazi yake ilikuwa kuwarekodi waandishi na wasanii wa Kiafrika wakizungumza, kisha kuzisambaza kanda hizo kwa vituo vya redio barani. Miongoni mwa waliouliza maswali walikuwa Lewis Nkosi wa Afrika Kusini na Robert Serumaga wa Uganda, wote wawili waandishi, si waandishi wa habari wa kupita. Ngũgĩ wa Thiong'o, Chinua Achebe, Wole Soyinka na Okot p'Bitek waliketi mbele ya kinasa sauti wakiwa vijana, kabla ya kuwa sanamu tunazozipamba maua. Christopher Okigbo, mshairi wa Nigeria, alihojiwa pia. Mwaka 1967 aliuawa katika vita vya Biafra akiwa na umri wa miaka 30 na kitu. Kwa kuwa mtu fulani alibonyeza kitufe, tunajua alivyoyafikiria mashairi yake. Sehemu ya mazungumzo hayo ilichapishwa mwaka 1972 katika kitabu African Writers Talking.

Kuna mawili hayaniachi nilale. La kwanza ni fedha. Taasisi ile ilifadhiliwa na Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo mnamo 1966 na 1967 lilifichuliwa kuwa lilipokea pesa kutoka shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Hata kituo cha Chemchemi hapa Nairobi, alichokiongoza Ezekiel Mphahlele kuanzia 1963, kilifadhiliwa na mkono huo huo. Siamini kwamba Okot au Okigbo walisemeshwa maneno ya jasusi. Lakini anayelipia kanda ndiye anayeamua nani ataitwa.

Na hapo ndipo linapoingia la pili. Juni 1962 waandishi walikusanyika Makerere katika kongamano lililofadhiliwa na shirika lilo hilo. Lilikuwa kongamano la waandishi watumiao Kiingereza. Ngũgĩ amelisema hili miaka mingi baadaye: yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tatu zilizochapishwa, alistahili kualikwa, Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya vitabu, hakustahili, kwa sababu aliandika Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Yule aliyempa Siti sikio alikufa wakati vinasa sauti vikitafuta watu wengine.

Sina haki ya kuwanyoshea kidole watu wa 1962 bila kujisema mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilitumwa Mombasa kumhoji malenga mmoja mzee. Nilibeba kinasa sauti cha kuazima na kanda mbili. Nilimwuliza kuhusu mizani, vina, mtiririko, kituo na kibwagizo. Akanijibu kwa subira. Kisha chai ikaletwa, na mzee akaanza kusimulia jinsi alivyofanya kazi ya kuli bandarini, jinsi alivyokuwa akitunga huku amebeba gunia ili hesabu ya hatua imshikie mizani, na jinsi mkewe alivyomkataza kutunga kwa mwaka mzima baada ya mtoto wao kufa. Unajua nilifanya nini? Nilizima mashine ili kuokoa betri. Nilidhani mahojiano yamekwisha.

Kanda ya vina na mizani ningali nayo. Hainifai kitu, yaliyomo yamo katika kila kitabu cha kidato cha tatu.

Ndiyo maana nazisikiliza podikasti za vijana hawa kwa wivu. Hawazimi mashine chai ikija. Mgeni anaeleza mikataba na malipo kwa Kiingereza safi, anashuka kwenye Sheng' akitaja wenzake wa mtaani, na akifika kwa nyanya yake aliyemlea, sauti inabadilika, anahamia Kiswahili au lugha ya mama, tena bila kujua. Mwanaisimu anataka ushahidi gani zaidi ya huo? Kasoro zipo, hata mimi huchoka. Waulizaji wengine hawajasoma kitabu cha mgeni wala kutazama mchoro wake, wanacheka kupita kiasi, na matangazo ya biashara huingia pale pale mtu anapotaka kulia. Serumaga asingefanya hivyo.

Linalonitisha ni kwamba vipindi hivi vimewekwa kwenye mitambo ya kampuni za ng'ambo. Mwenyewe akishindwa kulipia, au akikasirika akafuta, saa mia za wasanii wetu zinatoweka bila kishindo. Kitabu kikichapishwa Kenya sheria humtaka mchapishaji awasilishe nakala. Kanda za Transcription Centre zipo Maktaba ya Uingereza, na karatasi zake ziko Texas. Podikasti iliyorekodiwa chumbani Umoja au Kilimani, mtafiti wa mwaka 2080 ataitafuta wapi?

Nimemwita yule mwanafunzi. Nimemwambia aongeze sura moja kuhusu Siti na Shaaban Robert, na kabla ya kuandika sentensi nyingine yoyote awaombe ruhusa watayarishaji, apakue vipindi vyote anavyovihitaji, aandike tarehe na majina, aweke nakala mahali pawili. Jopo linaketi tena mwezi ujao. Safari hii nimeomba kuzungumza wa kwanza.