Nani Atanakili Kanda za Lamu?

Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya mwaka 1728, utungo wa Bwana Mwengo wa Pate, ingali inasomeka katika maktaba mjini Hamburg, Ujerumani. Kanda ya zefe ya maulidi iliyorekodiwa Amu, yaani Lamu mjini, miaka ya 1990 huenda isionyeshe chochote leo, hata ikipatikana mashine ya kuichezea. Wako wanaoitazama tofauti hiyo wakahitimisha kwamba karatasi hudumu na video haidumu. Naona wamekosea. Karatasi za Pate, Siu na Amu ziliangamia kwa wingi: kwa hewa ya chumvi, kwa mchwa, kwa mvua za masika zilizopenya dari za boriti, na kwa warithi waliogawana nyumba bila kujua kilichomo makashani. Zilizotufikia, nyingi zilitufikia kwa kuwa kuna aliyeziandika upya. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoomboleza kuanguka kwa Pate, imepita mikononi mwa wanakili kadhaa kabla ya William Hichens kuichapisha mwaka 1939. Kumbukumbu za Lamu zimeokolewa kwa kunakiliwa, tena na watu waliokabidhiwa kazi hiyo. Video zinapotea kwa sababu kazi hiyo sasa haina mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa khati, na alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kiswahili kutoka Ulaya: Alice Werner, Hichens na, katika miaka ya 1930, Ernst Dammann. Alifanya kazi hiyo kwa kuagizwa na kulipwa, na barua alizowaandikia waliomwagiza zimehifadhiwa pamoja na tenzi zenyewe. Kwa hiyo msomaji wa leo ana zaidi ya maneno ya utenzi: anaweza kujua ni mkono wa nani, na kwa ajili ya nani. Maelezo ya namna hiyo ni nusu ya hifadhi. Faili ya video iliyopewa jina la tarakimu na kamera, isiyosema ni mtaa gani, mwaka gani wala ni nani anayepiga zumari, imeshapotea nusu hata kama picha yake ni safi.

Kisha zikaja kaseti. Katika miaka ya 1970 mashairi ya Kimwondo, majibizano ya wagombea na wafuasi wao katika siasa za uchaguzi za Lamu, yalienea kwa kaseti. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa Amu aliyekuwa pia mwoka mikate, aliona utungo wake Wasiya wa Mabanati ukisafiri kwa njia hiyo hiyo hadi nyumba ambazo kitabu kisingefika. Kila mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa mnakili. Sauti ilififia kidogo kila iliponakiliwa, lakini wingi wa nakala uliufidia ufifu huo, na ndiyo sababu wataalamu waliweza baadaye kuyakusanya: Assibi Amidu alitoa kitabu juu ya Kimwondo mwaka 1990, na tungo za Mau zilitoka mwaka 2023 chini ya uhariri wa Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Leo tunayo simu ambayo, kwa nadharia, hunakili bila kupoteza hata chembe. Kwa vitendo, video ya ngoma ya kirumbizi inayotumwa kwa WhatsApp hubanwa ili ipite upesi; inafika ikiwa na ukungu, na mara nyingi tarehe yake ya asili imefutika. Aliyenakili kaseti alikusudia kubaki nayo. Anayesambaza video anakusudia itazamwe jioni ile.

Ubovu wa vyombo vyenyewe tuupite upesi, kwa kuwa unajulikana. Kanda za sumaku huota ukungu penye unyevu, na mashine za kuchezea kanda za video hazitengenezwi tena. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba kufikia 2025 kilichobaki kwenye kanda hizo kingekuwa kigumu mno kuokolewa. Mwaka huo umeshafika. Diski kuu za nje hufa baada ya miaka michache, mara nyingi bila kuonya. DVD za kuandikia nyumbani huharibika kabatini. Dawa inayokubalika miongoni mwa watunzaji ni nyepesi kueleza: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali, kisha kompyuta ikague kila baada ya muda kama faili bado ni ile ile, na zote zihamishiwe vyombo vipya kabla vya zamani havijachoka. Hiyo ni kazi isiyo na mwisho, nayo inahitaji mshahara.

Wengi watajibu kwamba mtandao umeshaibeba kazi hiyo: pakia video, nayo itadumu. Ushahidi unakataa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa na watu kwa miaka mingi zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Kampuni ya mtandao huuza matangazo. Haijaahidi kumtunzia mtu wa Faza harusi ya nyanya yake. Wengine watasema taasisi kubwa za ng'ambo ni salama zaidi, na hoja hii ina uzito, kwa kuwa bila Hamburg na London tungekuwa na tenzi chache. Miswada ya msikiti wa Riyadha wa Amu, uliojengwa na mwanachuoni Habib Saleh, ilipigwa picha za dijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi mingi. Kwa hiyo nakala ya London ni nakala ya mbali. Ya kwanza lazima ikae Amu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la stara. Sherehe za wanawake za harusi ya Lamu hazikufanywa ili watazamwe na wanaume, na familia ina haki ya kukataa. Hata hivyo kuhifadhi ni kitu kimoja na kuonyesha ni kingine. Makasha ya vitabu ya majumba ya Amu hayakuwa wazi kwa kila apitaye. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Kanda inaweza kutunzwa kwa sharti la kutofunguliwa bila idhini ya familia. Ikiozea kabatini kwa jina la stara, wajukuu wa bibi harusi nao wamenyimwa.

Gharama ni kubwa, sibishi. Hata Hollywood iliona hivyo: ripoti ya mwaka 2007 ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ilikadiria kwamba kutunza filamu kuu ya dijitali hugharimu mara 11 ya kutunza ile iliyo kwenye utepe wa filamu. Lakini Lamu haihitaji kutunza kila kitu. Inahitaji kuchagua, na baadhi ya machaguo yanajulikana. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, picha za ghuba ya Manda kabla ya kuchimbwa haziwezi kupigwa tena. Mahakama Kuu ya Malindi ilipowapa wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018 kwa madhara ya ujenzi wa bandari hiyo, ilionekana wazi kwamba hali ya jana ya maji na mikoko ni suala la haki, mbali na kuwa la kumbukumbu tamu.

Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984 kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ina kuta za kutosha kwa chumba kimoja kikavu, kompyuta mbili na mtunzaji wa kudumu mwenye ajira ya serikali ya kaunti. Nakala ya pili iende Fort Jesus, ya tatu Nairobi. Kazi ianze na kanda za sumaku, na katika kanda hizo ianze na majina: wazee wanaowatambua waliomo waulizwe kwanza, mashine itafutwe baadaye.