Mtumishi wa Chinichini na Msimamizi Wake

Mwaka 1963, katika Mradi wa MAC wa chuo cha MIT nchini Marekani, wanaprogramu wa Fernando Corbató walihitaji jina la programu zifanyazo kazi chinichini, zisizongoja amri ya mtu. Wakaazima jina la kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, yule akaaye mlangoni akichambua molekuli bila kuchoka. Unix, iliyoanza mwaka 1969, ikalirithi neno hilo: dimoni.

Mfasiri atakayeandika "shetani" atapotosha, kwani hapa hapana uovu; na "pepo" (atapungwa na nani?) halifai pia. Twapendekeza "mtumishi wa chinichini".

Tatizo kubwa zaidi li katika vitenzi. Amri ya Unix yenye jina la kuua kwa hakika hupeleka ishara tu. Ishara moja humwomba mtumishi amalize kazi. Nyingine, ambayo asili yake ni kukatika kwa laini ya simu, kwa desturi humtaka asome upya maagizo yake. Tena, mtumishi mwenye msimamizi, kama katika daemontools ya Daniel J. Bernstein, akifa huanzishwa tena mara moja. Karani aliyesoma "ua" katika mwongozo atashangaa kumkuta yu hai. Atakaye mtumishi anyamaze sharti amwagize msimamizi asimrudishe. Hapo ndipo tuseme "kusimamisha", na "kuanzisha upya" litumike kwa yule azimwaye ili arudi.