Pombe na ARV Kanama wakati wa korona
Kanama, sekta ya wilaya ya Rubavu yenye soko la Mahoko, iliingia kwenye korona na nguzo moja imara. Tangu Julai 2016 Rwanda humpa kila mwenye VVU dawa za kufubaza virusi (ARV) bila kungoja kinga ishuke, na wakati korona inaingia ambaye hali yake ilikuwa imetulia alichukua vidonge vya miezi 3 kwa mkupuo. Amri ya kubaki nyumbani ilipotolewa Machi 2020, akiba hiyo iliwafaa sana. Pombe ndiyo iliyokuwa ngumu. Baa zilifungwa hadi Septemba 2021, lakini urwagwa wa ndizi hutengenezwa majumbani, na kanyanga, gongo iliyopigwa marufuku, haihitaji baa. Mnywaji husahau saa ya dawa. Mwingine huiruka makusudi akihofia kuichanganya na pombe, ilhali ushauri wa kitabibu ni kumeza hata siku ya kunywa.