Stadi za Uuguzi katika Mafunzo ya Udaktari

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi kumi anayekohoa na kupumua mara 50 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa na dalili ya nimonia. Akishatimiza mwaka, kizingiti hushuka hadi 40. Pumzi huhesabiwa mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne hugeuza kosa la pumzi moja kuwa kosa la pumzi nne, na hizo zinatosha kumvusha mtoto kizingiti. Wodini kazi hii kwa kawaida huachiwa muuguzi, ilhali uamuzi wa daktari umejengwa juu yake. Daktari asiyewahi kuifanya ipasavyo atawezaje kuitilia shaka namba iliyo kwenye chati? Stadi za msingi za uuguzi ni sehemu ya uchunguzi na tiba. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari afundishwe wodini, na muuguzi, na atahiniwe.

Tazama agizo la kumgeuza mgonjwa aliyepooza kila baada ya saa mbili. Kwenye faili ni mstari mmoja. Kitandani linahitaji watu wawili, shuka kavu, na mkono unaojua kupapasa nyonga na visigino, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu unaoelezwa vitabuni hauonekani kirahisi. Kidonda kinachoanza hutambuliwa kwa joto na ugumu wa ngozi. Aliyekwisha kugeuza wagonjwa huandika agizo linalotekelezeka, na kwenye raundi hukagua mgongo kabla ya kukagua karatasi.

Wapo watakaosema haya yatajifunzwa wakati wa utarajali. Lakini daktari tarajali tayari anatoa maagizo, na usiku mara nyingi hana wa kumsahihisha. Wengine watasema mtaala umejaa. Ni kweli, ila hapa haliongezwi somo. Kinachobadilika ni matumizi ya saa ambazo mwanafunzi husimama nyuma ya msururu wa raundi bila kumgusa mgonjwa. Ujerumani huwataka wanafunzi wa udaktari wafanye kazi za uuguzi kwa miezi mitatu kabla ya mtihani wa kwanza wa taifa. Nia ni njema, lakini muda huo huja mapema mno: asiyejua bado maana ya upumuaji wa kasi atahesabu pumzi kama anavyohesabu vitanda.

Pingamizi zito zaidi ni la wauguzi wenyewe, ambao katika hospitali zetu nyingi tayari wamezidiwa. Kuwaongezea wanafunzi bila kubadili ratiba ya zamu ni kuwaonea. Saa za kufundisha ziingizwe kwenye zamu na zilipwe, na sahihi ya muuguzi iwe sharti la mwanafunzi kuvuka kwenda idara nyingine. Sharti hili la pili halina gharama kubwa, lakini naamini ndilo litakalopingwa zaidi, kwa kuwa linampa muuguzi mamlaka juu ya daktari mtarajiwa.