Mlango Uliokuwa Wazi: Mchezo wa Krismasi na Somo la Kamirithu

Nilipewa sehemu ya mwenye nyumba ya wageni kwa sababu ilikuwa na sentensi moja tu. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alijua nina kigugumizi, akaona ananisaidia. Yusufu anabisha hodi, Mariamu amejishika kiuno, mimi natoka na kusema: "Pamejaa hapa, jaribuni kwingine." Basi. Maneno manne.

Wacha nikwambie, hakuna herufi iliyonitesa utotoni kama P. Midomo inafungana, macho yanatoka, na Yusufu wa watu amesimama na fimbo yake akingoja kufukuzwa.

Kanisa letu pale Nakuru lilikuwa la mabati. Mchana wa Desemba ndani hakukaliki, kwa hivyo mazoezi tuliyafanya nje, karibu na bomba la maji. Kina mama waliopanga foleni na mitungi yao ndio waliokuwa watazamaji wetu. Walicheka, wakashangilia, wakatupa na maagizo. Mariamu aliambiwa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa hatembei mbio hivyo. Wachungaji waliambiwa mbuzi haswagwi kwa kuimbiwa.

Siku ya tatu, shosho mmoja aliyeuza sukuma wiki alimwita mwalimu: "Mwalimu, hii 'pa' inamsumbua mtoto. Kwani huyo mwenye nyumba hawezi kusema 'nyumba imejaa'?"

Mwalimu akakubali. Sehemu yangu ikaandikwa upya pale bombani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma habari za Kamirithu, nikajikuta nakumbuka foleni ile ya maji.

Kamirithu ni kijiji cha Limuru kilichoanzishwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu ili kuwatenga na wapiganaji wa msituni. Mnamo 1976 wanakijiji walianzisha masomo ya watu wazima katika kituo chao cha jamii. Kutoka kwenye kusoma wakaingia kwenye tamthilia. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mswada kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, nao wanakijiji wakaurekebisha. Wazee walisahihisha lugha. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walieleza mishahara na maisha yao yalivyo hasa. Kisha wakajenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000.

Lakini kilichonishika zaidi ni mazoezi yenyewe. Yalifanyika hadharani. Watu walikuja kutazama majaribio ya kuchagua waigizaji, wakarudi wikendi iliyofuata, wakatoa maoni, wengine wakakariri maneno ya mchezo mzima. Baadaye, katika kitabu chake Decolonising the Mind, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza kwa nini jambo hilo lilikuwa na maana. Tumezoea mchezo ufichwe mpaka uive, ndipo mtazamaji aletwe kushangaa. Anaporudi nyumbani, anaamini kwamba waigizaji wale wamezaliwa na kitu ambacho yeye hana. Akiwaona wakikosea, wakirudia na kupata, anajua kwamba ustadi hujengwa, na kwamba hata yeye anaweza kuujenga.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba ukapigwa marufuku. Wiki moja hivi baada ya Krismasi ya mwaka huo, usiku wa kuamkia Desemba 31, polisi walimchukua Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake. Alizuiliwa katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Wanakijiji hawakukoma. Walipoanza mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, walinyimwa jukwaa la Kenya National Theatre. Machi 1982 kibali cha kituo chao kikafutwa, na polisi wakaja na kuubomoa ule ukumbi.

Kwa nini serikali iliyo na jeshi iogope jukwaa la miti? Maneno ya tamthilia yaliiudhi, hilo ni kweli, maana yalihusu ardhi na wizi wa wakubwa. Lakini nadhani kulikuwa na jambo la pili. Mtu aliyezoea kunyamaza mbele ya karani, chifu na tajiri wake, akishasimama mbele ya watu 2,000 na kusikika, ni vigumu kumrudisha kwenye kunyamaza kule.

Sisi wa mchezo wa Krismasi hatukutishia serikali yoyote. Ila nasi tulikuwa warithi wa desturi ya zamani ya kijiji kujichezea chenyewe. Mwaka 1223, Fransisko wa Assisi aliandaa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda karibu na mji mdogo wa Greccio, Italia, na watu wa huko wakaja usiku na mienge. Hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Walikuwa majirani tu.

Krismasi yangu ilikuwa ya 1994. Leso ya mama kichwani, taulo begani, kanisa limejaa. Yusufu akabisha hodi. Nikatoka, nikafungua kinywa, na hata ile "nyumba" ikagoma. Nnnnn.

Nikatazama mbele. Nikawaona kina mama wa bomba, safu nzima, na yule shosho kati yao. Hakuna aliyecheka wala aliyenisaidia kusema. Walikuwa wameshaniona nikikwama pale nje mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara walikuwa wameniona nikitoka. Sikuwa na cha kuwaficha. Nikavuta pumzi.

"Nyumba imejaa, jaribuni kwingine."

Halafu, sijui niliitoa wapi, nikaongeza: "Pole, mama." Kwa P. Watu wakapiga vigelegele kana kwamba mtoto ameshazaliwa.

Kigugumizi hakikuisha siku ile. Ninacho hadi leo, hasa kwenye simu. Kilichoisha ni ile imani kwamba lazima nikifiche kwanza ndipo nizungumze.

Desemba iliyopita nilikwenda kumtazama mpwa wangu akifanya mazoezi ya mchezo wa Krismasi. Nikakuta mlango wa ukumbi umefungwa kwa ndani. Kijana wa pale mlangoni akaniambia, kwa heshima, "Tunafunga ndio watu washangae siku yenyewe, auntie."

Nilimwomba aufungue kidogo. Nikasimama pale, na mama aliyekuwa akifagia varanda akaja akasimama nami.