Vyombo vya jadi vya kuonjea mvinyo

Vyombo vya kuonjea mvinyo ni zana ambazo watunza maghala wa Ulaya wamezitumia tangu zamani kuchota na kukagua mvinyo ukiwa bado ndani ya pipa. Kila kimoja kilibuniwa kuondoa shida ya ghala lake, ndiyo maana cha Bourgogne hakifanani hata kidogo na cha Jerez.

Mashuhuri zaidi ni tastevini ya Bourgogne, Ufaransa: kisahani cha fedha chenye upana wa takriban sentimita 8, pete ya kupitishia kidole na kibao cha kuegemeza dole gumba. Ghala la huko liko chini ya ardhi na mwanga wake ulikuwa wa mshumaa. Katika kikombe chenye kina, mvinyo mwekundu ungeonekana mweusi tu. Kwa hiyo wafua fedha walikifanya chombo kuwa na kina kifupi, wakakitia vishimo vya mviringo upande mmoja na mifuo upande wa pili. Mwanga hafifu hupenya mvinyo, hugonga fedha na kurudi machoni, mwonjaji akabaini rangi na ukungu wowote uliomo. Kwa desturi, mvinyo mwekundu hukaguliwa upande wa vishimo, mweupe upande wa mifuo. Tastevini ya Bordeaux haina kishikio, na sakafu yake imeinuka katikati.

Udhaifu wa tastevini ni harufu, ambayo hutawanyika haraka katika chombo kipana. Hapo bilauri yenye mdomo uliobana huishinda, na mwaka 1977 bilauri ya kuonjea ikawekewa kiwango cha kimataifa, ISO 3591. Tastevini ikabaki shingoni mwa wahudumu wa mvinyo, na katika jina la Confrérie des Chevaliers du Tastevin, chama kilichoanzishwa Nuits-Saint-Georges mwaka 1934. Hata hivyo, kuiita pambo tu ni kuidhulumu: kwa kukagua rangi gizani, ilikuwa kifaa cha kitaalamu hasa.

Kuchota kwenyewe hufanywa kwa pipeti, bomba la kioo linaloingizwa katika tundu la pipa. Dole gumba likiziba juu, mvinyo haumwagiki.

Jerez, kusini mwa Hispania, kazi ni ngumu zaidi. Mvinyo aina ya fino hukomaa chini ya utando wa hamira unaoukinga na hewa. Pipa la lita 600 hujazwa takriban lita 500 tu ili hamira ipate nafasi, na utando huo haufai kuvurugwa. Chombo cha huko, venensia, hufanya kazi kama kata ya mtungini: kikombe chembamba mwishoni mwa mpini mrefu unaopindika, zamani wa mfupa wa nyangumi, hupenya utando kwa mkupuo mmoja na kuchota mvinyo safi ulio chini yake. Kisha mchotaji huinua mkono juu ya kichwa na kuumimina kwa uzi mwembamba hadi kwenye bilauri, bila kumwaga tone. Ustadi huo hudai mazoezi marefu. Sanlúcar de Barrameda, kwenye mvinyo wa manzanilla, chombo hicho huchongwa kwa kipande kimoja cha tete: pingili ya chini huachwa iwe kikombe, na sehemu iliyobaki hupunguzwa iwe mpini.